Kitunga cha matunda kwa mzazi wa Opala



Wengine wenu mliuliza kwa nini sikuonekana katika mikutano yetu miwili ya Jumamosi. Nilikuwa Opala. Binti wa leki yangu alijifungua huko, mtoto wa kike, mzima kabisa, lakini yeye mwenyewe alipoteza damu nyingi. Simu ilitufikia siku ya nne: mtoto ananyonya vizuri, mama amelala tu, akisimama anasikia kizunguzungu, na muuguzi wa kituo cha afya amesema damu imepungua. Leki yangu anaumwa mguu, hawezi kukaa juu ya piki siku mbili. Nikasema nitaenda mimi.

Mtu haendi kumwona mzazi mikono mitupu, hilo halihitaji kufundishwa. Kikwembe nilikuwa nacho, sabuni na chumvi nikanunua. Lakini aliyepungukiwa damu anahitaji chakula kwanza, nikaona nimpelekee matunda, tena matunda mazuri, yasiwe ya kubahatisha.

Sasa sikieni nilichofanya, na msinicheke. Niliingia katika duka moja la katikati ya mji, pale Makiso, nikanunua pome 12. Zile nyekundu, zinazong'aa, kila moja imevalishwa kinyavu chake cheupe kama mtoto wa ubatizo. Bei ya pome moja ingeninunulia nanasi mbili sokoni, na kubaki na kitu. Niliona nimefanya jambo kubwa. Pome ni tunda la heshima, nilijiambia. Opala hawana pome.

Si sisi tu tunaofikiri hivyo. Japani, watu wana desturi ya kupelekeana matunda kama zawadi, na wanayachagua kama sisi tunavyochagua vikwembe vya harusi. Katika mji wa Tokyo kuna duka linaloitwa Sembikiya, lililoanza mwaka 1834, ambako tikiti moja huuzwa ndani ya sanduku lake kwa bei ya kushtua. Mwaka 2019 matikiti mawili tu ya Yubari, kule kaskazini mwa nchi yao, yalinunuliwa mnadani kwa yeni milioni 5. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Lakini jambo moja wanalijua vizuri: tunda la zawadi lazima lifike mkononi mwa mtu likiwa zima, na limeiva siku ile ile atakayolila. Mimi na pome zangu hatukufikiri hivyo.

Barabara ya Opala huanzia ng'ambo ya kushoto ya mto, Lubunga. Tulivuka alfajiri kwa mtumbwi wa mota, ukungu bado umelala juu ya maji, na mitumbwi mingine ikija upande wetu na makemba, muhogo, mikungu ya ndizi na vitunga vya nanasi. Mama wa Lubunga wanalisha mji huu kabla mji haujaamka.

Ukitoka kidogo penye nyumba nyingi unaanza kuona viwanja vitupu. Mnakumbuka mwaka 2023, ugomvi wa mashamba kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, nyumba zikachomwa, watu kwa maelfu wakakimbilia ng'ambo hii. Wengi wenu mlipokea wageni majumbani. Nyumba zimeanguka, lakini miti ya matunda imebaki. Unaona mwembe, mparachichi na mipapai miwili imesimama katikati ya majani marefu, na unajua kabisa jiko lilikuwa wapi, maana paipai huota pale mama anapotupa mbegu. Motari wangu alisimama tuchume embe. Nilimwambia aendelee.

Kutoka hapo mpaka Opala ni zaidi ya kilomita 200 za msitu. Sitawachosha na kila shimo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, madaraja ni miti iliyolazwa, na kila tulipofika kwenye daraja nilishuka nikavuka kwa miguu, begi la pome kifuani. Njiani unakutana na vijana wanaosukuma kinga zilizosheheni mchele na bidoni za mafuta ya mawese, wakienda Kisangani; kinga haipandwi, inasukumwa tu, siku baada ya siku. Unakutana pia na mama wenye vitunga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo zimesimama kama chuma.

Baada ya Yatolema tulikuta lori limezama matopeni. Kabla ya kuliona tulilisikia kwa pua. Harufu ya nanasi zilizoanza kugeuka pombe ilikuwa imejaa barabarani, na nyuki juu yake. Mama mmoja, rika langu, alikuwa ameketi kwenye gogo kando ya mzigo wake. Nanasi 200, aliniambia, alizinunua kwa mkopo kwa mama wa vijiji vitatu, na hiyo ilikuwa siku ya tano hapo. Zilizopasuka alikuwa amewagawia watoto wa kijiji cha karibu. Zilizobaki ngumu alikuwa akiwauzia wapita njia kwa bei yoyote.

"Nanasi ikishakatwa inahesabu siku," alisema. "Mchele unaweza kungoja daraja. Nanasi haingoji."

Nilinunua nne. Moja tukaila pale pale, mimi, yeye na motari, kwa kisu chake. Ilikuwa tamu mpaka inauma ulimi. Nikawaza kwamba wiki hiyo hiyo Kisangani tungesema nanasi zimepanda bei, na tungewalaumu mama wauzaji.

Tulilala kijijini, tukafika Opala jioni ya pili. Ni mji mdogo, kichwa cha teritwari, juu ya mto Lomami. Maji yake meusi meusi yanapita polepole, na kila nyumba ina lupango lenye kivuli. Nilipofungua begi mbele ya mzazi na bokilo wake, pome tisa kati ya 12 zilikuwa na madoa ya kahawia, nyororo kama viazi vilivyochemshwa. Barabara ilikuwa imezipiga siku mbili. Bokilo wa binti yetu, koko wa lupango lile, alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akazikata vipande vidogo vidogo akawagawia watoto wote waliokuwa wamejaa mlangoni kumwona mgeni. Mzazi alipata kipande kimoja. Alisema ni kama kula maji yenye sukari kidogo.

Sasa tazama kilichokuwa ndani ya nyumba ile. Mezani palikuwa na chupa sita za sukre, zawadi za wageni waliotangulia, na paketi za biskuti. Mzazi alikuwa akila wali na pondu, asubuhi na jioni, na baada ya kila sahani anapewa chai nzito. Na kwenye kona, chini ya majani ya migomba, kulikuwa na vitunga vinne vimejaa: mapapai, avoka, machungwa, na kimoja cha mapera.

Niliuliza: "Na hayo?"

"Hayo ni ya kuuza," alijibu binti yetu, kama mtu anayesema hayo ni ya serikali. "Yanangoja gari."

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu wengi wetu tumezaa na tumepitia mambo haya bila mtu kutueleza.

Mwili unatengeneza damu kwa chuma. Pondu ina chuma, lakini chuma cha majani ni kigumu kuingia mwilini. Sehemu kubwa inapita tu. Kinachokifungulia mlango ni vitamini C, ikiwa tumboni wakati mmoja na chakula. Chai inafanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula inakishika kile chuma, nacho kinapotea. Kwa hiyo binti yetu alikuwa anakula pondu vizuri, halafu anaifungia mlango kwa kikombe. Chai si sumu, ingoje tu saa moja au mbili baada ya kula.

Vitamini C iko wapi? Gramu 100 za pome zina miligramu 5 tu hivi. Chungwa lina kama 50. Paipai kama 60. Pera, lile tunalowaachia watoto na ndege, lina zaidi ya 200. FAO na WHO wanataka mama anayenyonyesha apate miligramu 70 kwa siku. Pera moja la kawaida, lililoiva, linatosha. Nilikuwa nimebeba pome kilomita 200 kuzipeleka kwenye nyumba yenye kitunga cha mapera.

Paipai na embe, kwa nyama yake ya rangi ya machungwa, huupa mwili vitamini A, ambayo inapita kwenye maziwa kumfikia mtoto, inamlinda macho na magonjwa. Avoka ina mafuta mazuri na nguvu nyingi. Kwa mzazi asiye na hamu ya kula, hata nusu ya avoka inasaidia. Safu pia ni hivyo, ni tunda la mafuta, linashibisha. Na matunda haya yote yana nyuzinyuzi, ambazo mzazi mwenye mishono anazihitaji chooni, mnanielewa. Sukre ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vya chai saba au nane, na baada ya hapo hakuna kitu. Biskuti vilevile.

Nisieleweke vibaya. Muuguzi alikuwa amempa vidonge vya chuma, na matunda hayachukui nafasi ya vidonge. Mwanamke anayesikia moyo unapiga mbio akiwa amelala, au anayetoka damu tena, arudi kituoni usiku huo huo, asingoje pera. Na mtoto mchanga haonjeshwi maji ya chungwa, hata tone, mpaka afikishe miezi sita. Tunda ni la mama. Mtoto atalipata kwenye ziwa.

Siku iliyofuata niliamka mapema nikafanya kosa la pili. Nilitoa makuta, nikamwambia koko: "Mama, ninanunua kitunga cha mapera na mapapai manne, ya mzazi wetu."

Alinitazama kwa muda mrefu.

"Weye utanunua matunda ya lupango yangu, umupatie mujukuu yangu mwenyewe?"

Nilitamani ardhi ifunguke. Niliomba msamaha mara tatu. Alicheka mwishoni, lakini si mara moja. Halafu akaketi akanieleza hesabu yake, na tangu siku ile sijaiacha akilini. Mtoto wake wa mwisho yuko sekondari. Mapapai ya kitunga kimoja, yakifika Kisangani mazima, ni sabuni na chumvi ya mwezi. Machungwa ni karo. Kinachobaki, yaani kilichopasuka, kilichodonolewa na ndege, kilichooza upande mmoja, ndicho wanachokula nyumbani. "Zuri linauzwa," alisema. "Nani anakula zuri lake mwenyewe?" Na gari lisipokuja, basi kila kitu kinaoza, kilicho kizuri na kibaya pamoja.

Sikuwa na jibu la kumpa. Ningemwambia nini? Karo ni karo. Na kuna majirani waliokuwa wakisema matunda yana baridi, mzazi akila, mtoto ataumwa tumbo. Sikugombana nao. Nilimwomba muuguzi apite kunywa maji kwa koko, naye akayasema yale yale ya pondu, pera na chai, kwa sauti yake ya kazi, na yeye walimsikiliza. Jioni ile koko alichukua kamba nyekundu akaifunga kwenye shina la mpera mmoja, nyuma ya jiko. "Huu hauendi Kisangani mpaka mtoto aanze kukaa," akasema. Akaongeza mpapai mmoja. Mparachichi akakataa. Mparachichi ni karo.

Nilikaa siku sita, na nilichofaidi zaidi ni kumfuata yule koko kati ya miti yake. Mimi nimenunua matunda miaka 30 na nilidhani najua. Chungwa, kwa mfano. Mjini tunakataa chungwa la kijani, tunasema bichi. Kumbe kwetu joto halipungui usiku, kwa hiyo ngozi ya chungwa inabaki kijani hata ndani likiwa limejaa sukari. La njano linataka nchi yenye usiku wa baridi. Yeye anapima kwa uzito. Analiweka moja kila mkono, na zito ndilo lenye maji.

Nanasi haiivi njiani, alinifundisha. Ukiikata bichi itabadilika rangi tu, utamu hautaongezeka hata punje. Kwa hiyo anainusa chini, upande wa kitako, ikiwa bado shambani, isiponukia anaiacha. Paipai ni kinyume chake: analikata mara tu mstari wa kwanza wa njano unapoonekana, analifunga majani makavu ya mgomba, na siku ya tatu au ya nne linakuwa tayari. Paipai bichi lenye maziwa yake meupe, kwa mjamzito, yeye hampi kabisa, na nilifurahi kusikia, maana hata waganga wa hospitali wanakataza. Avoka anaitikisa: mbegu ikigonga ndani, imefika. Lakini anaikata na kipande cha kikonyo, kwa sababu ukiing'oa shingoni, uozo unaingia kwa tundu lile na utaona jeusi ndani wakati nje bado ni nzuri. Mara ngapi tumenunua avoka za namna hiyo sokoni na kulaani mti!

Safu ana sheria zake peke yake. Ya waridi haijaiva, hata ikiwa kubwa. Ngoja igeuke buluu nzito karibu nyeusi. Usiioshe kabla ya safari, usirundike juu ya nyingine, na hesabu siku tatu. Kisha maji ya moto, au majivu ya moto, dakika chache, mpaka ilegee, chumvi kidogo, na lituma pembeni. Mzazi alikula safu tano usiku mmoja na hakuna aliyemzuia.

Pera halisafiri, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Asubuhi zuri, jioni limepondeka. Hilo, alisema koko, ni tunda la kula chini ya mti wake.

Mtu mmoja pale alinikumbusha habari ya lesula. Mwaka 2007 watafiti walipita Opala wakaona nyani mdogo amefungwa uani kwa mtu, mwenye uso kama wa binadamu na macho makubwa, wakashangaa, hawajawahi kumwona katika kitabu chochote. Mwaka 2012 walimtangaza duniani kwa jina la kisayansi, Cercopithecus lomamiensis. Watu wa Opala walikuwa na jina lake tangu zamani, lesula. Anakaa chini msituni akila matunda yaliyoanguka. "Huyo naye hajawahi kungoja gari," alisema koko, tukacheka wote mpaka mtoto akaamka.

Kurudi sikutaka tena piki. Nilipanda chombo cha mbao kilichokuwa kikishuka Lomami mpaka Isangi, pale mto ule unapoingia kwenye mto Congo, halafu tukapanda mto mkubwa kuelekea nyumbani. Ni polepole, unalala juu ya magunia ya mchele, lakini papai halipigwi na mashimo. Koko alikuwa amenipa kitunga kimoja cha kuleta kwa leki yangu, kila tunda limefungwa jani lake. Yote yalifika mazima, isipokuwa moja tulilokula kwa makusudi.

Njiani tulisimama Yangambi. Mnajua kuna kituo cha utafiti wa kilimo pale, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 kwa jina la INEAC, leo INERA. Mama wa ufukweni walituletea vindizi vifupi vyenye ngozi nyembamba, vitamu sana, ambavyo vikiiva vinadondoka vyenyewe kutoka kwenye mkungu. Jamii yake wanaiita ibota, kwa sababu inazaa vidole vingi kupita kiasi, na sisi tunaosikia Lingala tunajua kubota ni nini. Aina yake mashuhuri imepewa jina la mahali ilipochukuliwa, Yangambi Km 5, na chini ya jina hilo imekwenda mbali: Tanzania, katika mkoa wa Kagera, wakulima waligawiwa miche yake kwa kuwa haishindwi haraka na magonjwa yaliyoua ndizi zao. Ndizi ya kwetu imeokoa mashamba ya wengine, na mjini Kisangani huioni kwa wingi, kwa sababu hiyo hiyo ya ngozi nyembamba na vidole vinavyoanguka. Nilinunua mkungu mzima. Nusu tuliila njiani na abiria.

Sasa, mama wapendwa, Jumamosi ijayo tunakwenda kuwaona wazazi hospitalini kama kila mwezi, na nina ombi. Kasha la sukre tunalonunua kila mara, safari hii tuliache. Mbili tatu kati yetu tuamke saa kumi na moja, twende ufukweni mitumbwi ya Lubunga inapofika, tununue moja kwa moja kwa mama waliobeba, bila kubishana sana bei. Tuchukue paipai lenye mistari ya njano kwa anayeondoka kesho, lililoiva kwa anayeondoka leo. Machungwa mazito, hata ya kijani. Mapera machache, ya kuliwa pale pale kitandani, mbele yetu, kabla ya wageni wengine kuingia na watoto wao. Yaoshwe kwa maji safi tukifika, si kabla. Na mwenye ugonjwa wa sukari tumuulize muuguzi kwanza, tusimpe kwa wingi. Atakayekuja na kisu kikali atuandikie jina lake kwa mweka hazina.

Kuhusu binti yetu: wiki hii kijana mmoja wa kinga alifika mlangoni kwangu na kile kitunga nilichokuwa nimemrudishia koko kwa njia ya mto, nikiwa nimetia ndani vikombe viwili na kitambaa. Hakikurudi kitupu. Kilikuwa na safu 12, siku nne njiani, mbili zimeoza, kumi nzuri. Chini kabisa, kwenye karatasi ya daftari la shule, binti yetu ameandika kwamba sasa anateka maji mwenyewe, kwamba mpera wa kamba nyekundu umekwisha, na koko amefunga kamba kwenye wa pili.